Mpiganaji Alivyoachwa Nyuma: Historia ya Ngazi za Juu katika Dungeons & Dragons

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, mpiganaji na mchawi huanza safari pamoja lakini hawafiki pamoja. Mchezo wenyewe huchezwa mezani kwa dadu, karatasi na maneno: kila mchezaji ana mhusika wake, mhusika ana fani yake, na kadiri anavyopata uzoefu ndivyo anavyopanda ngazi. Kwenye ngazi ya kwanza mchawi wa matoleo ya zamani ni mtu dhaifu. Ana tamko moja tu la uchawi kwa siku, hana deraya, na pigo moja linaweza kumtoa roho. Mpiganaji ndiye anayesimama mbele kumkinga. Wakifika ngazi ya 17 au 18, mambo yamegeuka. Mchawi anasimamisha wakati, anahama kutoka nchi moja hadi nyingine kufumba na kufumbua, na anaweza kutamka anachokitaka kikawa. Mpiganaji bado anapiga kwa upanga, ila sasa anapiga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Wachezaji wengi wamelizoea jambo hili hata wakaliona kuwa ni maumbile: uchawi ni uchawi, chuma ni chuma, na anayedai vinginevyo anadai lisilowezekana. Historia ya mchezo inasema vingine. Pengo hilo lilijengwa hatua kwa hatua kati ya mwaka 1975 na 2000, na sehemu yake kubwa ilijengwa na watu waliotaka kurahisisha kanuni, wala hawakuwa na nia ya kumpendelea mchawi.

Chimbuko la fani hizi ni uwanja wa vita wa mezani. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren, wapenzi wa michezo ya vita ya vinyago, walichapisha kanuni zilizoitwa Chainmail, za kuendesha mapigano ya majeshi ya zama za kati. Mwishoni mwa kitabu waliongeza sehemu ya mambo ya kubuni, yenye mazimwi, mashujaa na wachawi. Humo shujaa mmoja alihesabiwa kuwa sawa na askari wanne, na shujaa mkuu sawa na askari wanane. Mchawi alipimwa kwa kipimo cha silaha nzito: tufe lake la moto lilichukua eneo la pigo la mtambo mkubwa wa kurusha mawe, na radi yake ilifananishwa na mzinga. Kwa hiyo shujaa na mchawi walitoka kwenye mzani mmoja. Wote wawili walikuwa sehemu ya jeshi, na swali lilikuwa jinsi jemadari anavyopaswa kuwapanga. Mizinga ina nguvu kuliko askari wa miguu, lakini hakuna jemadari anayeiacha mizinga yake bila ulinzi, wala anayeweza kuteka mji kwa mizinga mitupu.

Dave Arneson, aliyekuwa akichezesha kundi lake katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ndiye aliyewashusha watu hao kutoka uwanja wa vita hadi mapangoni na mahandakini, kila mchezaji akimwongoza mtu mmoja badala ya jeshi. Yeye na Gygax waliunganisha mawazo yao, na mwaka 1974 kampuni ndogo ya Tactical Studies Rules (TSR), huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, ikatoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za mwanzo, kwa bei ya dola 10. Fani zilikuwa tatu, mpiganaji, mchawi na kasisi. Alama ya asili yake ilibaki wazi, kwani mpiganaji wa ngazi ya nne aliitwa Shujaa na wa ngazi ya nane Shujaa Mkuu, yaani vyeo vilevile vya Chainmail.

Tukitazama jinsi mpiganaji wa mwaka 1974 alivyokua, tunakuta kwamba ngazi za juu hazikumpa mapigo makali tu. Alipofika ngazi ya tisa aliitwa Bwana, akawa na haki ya kujenga ngome, kuisafisha nchi inayoizunguka na kukusanya kodi. Panga za uchawi, ambazo mchawi hakuruhusiwa kuzitumia, zilikuwa urithi wake, na hazikuwa vyuma vya kuongeza pigo tu. Baadhi yake zilikuwa na akili na nia, zikazungumza, zikagundua mitego, na chache zikampa mwenye nazo uwezo wa kuruka angani au kuhama mahali kwa mahali. Mchawi naye alikuwa na mpaka, maana matamko yake yaliishia daraja la sita. Basi katika maandishi ya kwanza kabisa, kupanda ngazi kulikuwa njia ya mpiganaji kuingia katika utawala na ya mchawi kuingia katika elimu ya siri, na kila mmoja alipata namna yake ya kuugeuza ulimwengu wa mchezo.

Ufa wa kwanza ulitokea mwaka uliofuata. Kitabu cha nyongeza cha Greyhawk, cha mwaka 1975, kilileta fani ya mwizi na kikatofautisha dadu za uhai, mpiganaji akipewa dadu ya pande nane na mchawi ya pande nne. Hilo lilimfaa mpiganaji. Lakini kitabu hichohicho kilipandisha matamko ya uchawi kutoka daraja la sita hadi la tisa, yakiwemo lile la kusimamisha wakati na lile la kutimiza matakwa. Kwa mara ya kwanza fani moja ilipewa uwezo usiopimika kwa idadi ya askari. Askari wanane ni hesabu. Kutaka jambo likawa si hesabu, na tangu siku hiyo kila mwandishi wa kanuni amelazimika kutafuta kitu cha kuweka kwenye sahani ya pili ya mzani.

Gygax alikitafuta, na majibu yake yamo katika Advanced Dungeons & Dragons, ambayo kitabu chake cha wachezaji kilitoka mwaka 1978 na cha mwongoza mchezo mwaka 1979. Tukiyasoma kwa makini tunaona kwamba mizigo ya mchawi haikuwekwa ndani ya jedwali la fani yake; ilitawanywa katika kanuni zote. Akipigwa wakati anatamka, tamko linapotea. Kujifunza tamko jipya si hakika, kwa sababu akili yake inaweka asilimia ya kufaulu. Na matamko aliyoyatumia lazima ayakariri upya, wazo lililotokana na hadithi za mwandishi Jack Vance, kwa dakika 15 kwa kila daraja la kila tamko. Tufanye hesabu ya mchawi wa ngazi ya 18 aliyemaliza akiba yake yote: matamko matano kwa kila daraja kuanzia la kwanza hadi la tano, matatu ya daraja la sita, matatu ya la saba, mawili ya la nane na moja la tisa. Jumla ya madaraja ni 139, nayo inahitaji dakika 2,085, yaani saa 34 na dakika 45 za kukariri, mbali na usingizi. Mchawi wa namna hiyo alikuwa na nguvu za kutisha, lakini kila alipozitumia alilazimika kujiuliza kama kesho na keshokutwa atakuwa na muda wa kuzirudisha.

Upande wa mpiganaji, kanuni za miaka ile zilimpa vitu ambavyo leo vimesahaulika. Yeye na jamaa zake wa fani ndio pekee walioweza kunufaika kikamilifu na afya njema katika hesabu ya uhai. Dhidi ya watu wa kawaida na viumbe dhaifu alipiga pigo moja kwa kila ngazi aliyonayo, hivyo mpiganaji wa ngazi ya kumi aliweza kuwakabili watu kumi kwa mkupuo mmoja. Alipojenga ngome kwenye ngazi ya tisa, kikosi cha askari kilimjia. Kubwa kuliko yote ni kinga yake. Kila anayerushiwa uchawi hurusha dadu ya pande 20 ya kujinusuru, na namba aliyopaswa kuifikia ilitegemea fani na ngazi yake mwenyewe, bila kujali ukubwa wa aliyemroga. Mpiganaji wa ngazi ya 17 alihitaji 6 au zaidi dhidi ya matamko. Maana yake, mara 15 kati ya 20 uchawi wa aina hiyo haukumpata sawasawa, hata kama umetamkwa na mchawi mkuu kuliko wote. Shujaa mzoefu alikuwa mtu mgumu kurogwa kwa sababu tu ni shujaa mzoefu.

Wapo wanaosema kwamba mzani wa zamani ulikuwa kwenye jedwali la pointi za uzoefu: mchawi alipanda polepole, ndiyo maana alistahili kuwa na nguvu akifika juu. Hoja hii imerudiwa mno, na jedwali lenyewe linaipinga kwa sehemu kubwa. Katika toleo la 1978 mchawi huanza nyuma kidogo, kwani ngazi ya pili humdai pointi 2,501 huku mpiganaji akidaiwa 2,001. Lakini ngazi ya saba mchawi huifikia kwa pointi 60,001, na mpiganaji kwa 70,001. Ngazi ya tisa mchawi huifikia kwa 135,001, na mpiganaji kwa 250,001. Mwenye pointi 250,001 ni mpiganaji wa ngazi ya tisa au mchawi wa ngazi ya kumi. Ni huko juu kabisa ndiko mpiganaji anakotangulia tena, ngazi ya 18 ikimgharimu pointi 2,500,001 na mchawi 3,000,001, na tofauti hiyo ni ndogo mno kulipia uwezo wa kusimamisha wakati. Kwa hiyo jedwali la uzoefu halikuwa ndilo lililobeba mzani. Kilichoubeba ni muda wa kukariri, hatari ya kukatizwa, kinga ya mpiganaji, panga, askari na ardhi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kanuni hizo zilikuwa kwenye karatasi tu. Makundi mengi hayakuwahi kuhesabu dakika za kukariri, hayakufuata utaratibu mgumu wa nani anaanza kupiga, wala hayakufika kwenye mambo ya ngome na kodi. Hili ni kweli, nalo halipaswi kufunikwa. Lakini halivunji hoja, linaionyesha ilipo. Mzani unaotegemea kanuni zinazochosha ni mzani dhaifu, kwa sababu kanuni zinazochosha ndizo zinazoachwa kwanza. Aliyeziacha hakujua kwamba anamwondolea mchawi mizigo yake huku akimnyang'anya mpiganaji mali yake. Zaidi ya hayo, hatuwezi kusema utawala wa nchi ulikuwa pambo. Mwaka 1984 mwandishi Frank Mentzer alitoa sehemu ya mchezo huu inayohusu ngazi za 15 hadi 25, na jambo lililokuwa kiini chake ni kuendesha himaya: mapato, watu, sikukuu, majanga na vita vya majeshi. Mwaka 1985 akaongeza kanuni za umahiri wa silaha, ambazo kwazo mtu aliyebobea katika upanga au mkuki alipata mbinu ambazo asiyebobea hana. Waandishi wa wakati huo walijua swali lipo, na walilijibu kwa kumpanua mpiganaji.

Toleo la pili, la mwaka 1989, lilimwekea mchawi vikwazo vichache, kimojawapo kikiwa tufe la moto kutovuka dadu kumi, ilhali zamani liliongezeka bila mwisho. Mageuzi makubwa yalikuja baada ya kampuni ya Wizards of the Coast kuinunua TSR mwaka 1997. Agosti 2000 toleo la tatu likatoka, kazi ya Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Lilikuwa toleo safi: dadu moja ya pande 20 kwa karibu kila jambo, jedwali moja la uzoefu kwa fani zote, kanuni chache za jumla badala ya vifungu vingi vya pekee. Kila rekebisho lilikuwa na sababu njema, na takriban kila moja liliondoa kitu kwenye sahani ya mpiganaji. Kukariri akiba yote kukawa kazi ya saa moja baada ya usingizi. Mchawi aliyepigwa akapata nafasi ya kurusha dadu kuokoa tamko lake, na akiwa mwangalifu aliweza kutamka mbele ya adui bila kumpa mwanya. Faida ya afya njema ikafunguliwa kwa wote. Wafuasi nao wakawa kipaji cha hiari ambacho mtu wa fani yoyote angeweza kukichagua kuanzia ngazi ya sita, tena kikipimwa kwa mvuto wa mhusika, sifa ambayo mpiganaji wa kawaida hana sababu ya kuikuza. Haki ya Bwana wa ngome ikawa bidhaa ya sokoni.

Lililoumiza zaidi ni kinga. Katika toleo hili ugumu wa kujinusuru ulihesabiwa kwa kumtazama mchawi: kumi, jumlisha daraja la tamko, jumlisha akili yake. Mchawi wa ngazi ya 20 mwenye akili ya 28 huongeza 9, hivyo tamko lake la daraja la tisa linahitaji kufikiwa kwa 28. Mpiganaji wa ngazi hiyohiyo, kama tamko linashambulia utashi wake, fani yake inampa 6 tu. Tumpe joho bora la kinga linaloongeza 5, na hekima ya kawaida inayoongeza 1, apate 12. Atahitaji 16 au zaidi kwenye dadu, yaani mara tano kati ya 20. Babu yake wa mwaka 1978, bila joho lolote, alinusurika mara 15 kati ya 20. Hakuna mahali popote ambapo waandishi walitangaza kwamba shujaa mzoefu sasa atakuwa mtu rahisi kurogwa. Walibadilisha njia ya kuhesabu ili ifanane na kanuni nyingine, na matokeo yakaja nyuma yake. Hapa ndipo msemo wa wachezaji kwamba mpiganaji hukua kwa mstari mnyoofu na mchawi hukua kwa mraba ulipopata ushahidi wa wazi.

Waliofuata waliuona ugonjwa. Mwaka 2006, kabla toleo la tatu halijastaafu, kilitoka kitabu cha Tome of Battle kilichowapa watu wa silaha mbinu zinazopangwa na kutumika kama matamko. Toleo la nne la mwaka 2008 likaenda mbali zaidi: fani zote, awe mpiganaji au mchawi, zilipewa uwezo wa kutumia wakati wowote, wa mara moja kwa pambano, na wa mara moja kwa siku, katika ngazi 30. Pengo la nguvu lilipungua sana. Wachezaji wengi hata hivyo walilikataa, na mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, mchezo uliojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, ukapata wafuasi wengi. Kutokana na hayo wengine huhitimisha kwamba usawa huua ladha, na kwamba pengo ni bei ya fani kuwa tofauti. Hitimisho hilo limepita ushahidi. Kilichokataliwa ni fani kufanana umbo, mpiganaji akisawazishwa kwa kuvikwa ratiba ya mchawi. Mpiganaji wa mwaka 1974 hakufanana na mchawi hata kidogo, na bado alikuwa na mahali pake huko juu. Usawa wa uzito na ufanano wa umbo ni mambo mawili.

Toleo la tano la mwaka 2014 lilirudisha sehemu ya mizigo ya mchawi kwa namna nyepesi. Matamko mengi ya kudumu yanahitaji umakini, na mtu hawezi kushikilia zaidi ya moja kwa wakati. Akiumizwa anaweza kulipoteza. Mchawi wa ngazi ya 20 ana nafasi moja tu ya daraja la tisa kwa siku. Mpiganaji wa ngazi hiyo hushambulia mara nne kwa zamu, na katika marekebisho ya 2024 amepata umahiri wa silaha, wazo ambalo Mentzer alishalitumia karibu miaka 40 kabla. Kwa hesabu ya majeraha, mpiganaji huyu hana sababu ya kuona haya. Lakini hesabu ya majeraha haikuwa kiini cha tatizo. Mchawi bado anaweza kuvuka bahari, kufunua siri ya adui, kujenga ukuta na kutimiza matakwa. Mpiganaji bado hana jambo lolote la kanuni linaloubadilisha ulimwengu nje ya pambano. Ngome, askari na ardhi alivyonyang'anywa mwaka 2000 havijarudi kuwa vyake.

Linabaki pingamizi la mwisho, kwamba mchezo huu ni wa ushirikiano, hivyo si lazima wahusika walingane. Pingamizi hili lina mfano mzuri wa kulitetea. Ars Magica, mchezo wa mwaka 1987 wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, unakiri waziwazi kwamba wachawi ni wakubwa kuliko wengine wote. Lakini mchezo huo hukamilisha ukiri wake kwa haki: kila mchezaji ana mchawi wake, na pia huchukua zamu ya kuwa msaidizi au askari wa kawaida, kwa hiyo hakuna anayeketi mezani miezi na miaka akimbebea mwenzake mwenge. Kutolingana kuliko wazi, kunakogawanywa kwa zamu, ni makubaliano. Dungeons & Dragons huahidi jambo jingine. Huweka fani zote kwenye orodha moja, huzipa ngazi zilezile, na tangu 2000 huzidai pointi zilezile. Anayeambiwa kwamba ngazi ya 18 ni ngazi ya 18 ana haki ya kulitegemea neno hilo.

Kwa hiyo wenye kuandika kanuni, na wenye kuchezesha makundi yao, wasitafute dawa kwa kuongeza dadu nyingine kwenye upanga, wala kwa kumkata mchawi mikono. Mpiganaji apewe tena mambo makubwa ambayo ni yake peke yake: watu wanaomfuata kwa jina lake, ardhi inayomtambua, silaha zenye historia na nia, na moyo ambao uchawi hauupenyi kirahisi. Yote haya yamo katika vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1980, na hakuna hata moja linalohitaji kubuniwa upya.